Kila Jina Liitikiwe: Zoezi la Moto na Uhakiki wa Wanafunzi katika Shule za Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Zoezi la moto ni mpango wa makusudi ambao shule huutekeleza bila kuwapo moto wowote, ili wanafunzi, walimu na wafanyakazi wengine wazoee kuitambua ishara ya hatari, kutoka ndani ya majengo kwa njia salama, kukusanyika mahali palipokubaliwa, na kuhesabiwa mpaka ijulikane bila shaka kwamba hakuna aliyebaki ndani. Katika hatua hizo nne, tatu za kwanza ndizo ambazo shule nyingi huzikumbuka, na ile ya nne huachwa ijiendee: wanafunzi wakishafika uwanjani, mkuu wa shule husema maneno machache, filimbi hupulizwa, na kila mtu hurudi darasani. Zoezi la namna hiyo halijakamilika, kwa kuwa utupu wa jengo ni jambo la kudhaniwa tu hadi pale kila jina lililokuwa ndani linapoitwa na mwenyewe akaitika kwa sauti yake, au mtu mzima anayeaminika akaeleza yuko wapi.

Historia ya mabweni ya Afrika Mashariki inalazimisha jambo hili lichukuliwe kwa uzito. Mwaka 1994 moto wa usiku katika Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, uliua wasichana zaidi ya 40. Agosti 2009 wasichana 12 walifariki katika bweni la Shule ya Sekondari Idodi mkoani Iringa, moto ulioelezwa kuwa ulianzia kwenye mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea. Na usiku wa kuamkia tarehe 14 Septemba 2020 watoto 10 walipoteza maisha katika Shule ya Msingi ya Kiislamu Byamungu, wilayani Kyerwa. Nchini Kenya, wavulana 67 walikufa Machi 2001 katika bweni la Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos, ambamo mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Karibu yote haya yalitokea usiku, bwenini, kwa watoto waliokuwa wamelala au waliokuwa wakijiandaa kulala, na kwa hiyo shule inayofanya zoezi saa nne asubuhi peke yake inajiandaa kwa saa ambayo hatari ni ndogo kuliko zote.

Tukio linaloeleza vizuri zaidi gharama ya kutohesabu ni lile la shule ya Hillside Endarasha Academy, kaunti ya Nyeri nchini Kenya, ambako bweni la wavulana liliungua usiku wa tarehe 5 Septemba 2024. Bweni hilo lilikuwa na wavulana 156, na siku iliyofuata serikali ilitangaza kwamba watoto wapatao 70 hawajulikani walipo. Baadaye ilibainika kwamba wengi wao walikuwa hai: baadhi walikuwa wamekimbilia nyumba za majirani gizani, wengine walikuwa wamechukuliwa na wazazi waliofika usiku uleule na kuondoka na watoto wao bila mtu yeyote kuandika. Waliokufa walifikia 21. Kati ya idadi hizo mbili, yaani 70 na 21, kuna familia nyingi zilizokaa saa nyingi kwenye uzio wa shule zikiamini kwamba zimefiwa, na kuna waokoaji ambao hawangeweza kujua kama wanatafuta watoto wawili, ishirini au sabini. Moto hauwezi kulaumiwa kwa sehemu hiyo ya mateso. Ilitokana na kukosekana kwa orodha na kwa utaratibu wa kumkabidhi mtoto kwa mzazi.

Shule za kijiji cha Kagunga, mkoani Kigoma, zina sababu ya ziada ya kulitazama jambo hili kwa karibu. Kijiji hicho kiko kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, jirani kabisa na mpaka wa Burundi, katika ukanda mwembamba wa ardhi uliobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, na kwa miaka mingi usafiri wake mkuu umekuwa boti. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo ni 114, inapaswa kupigwa hata hapo, kwa sababu taarifa huwezesha msaada wa hospitali na wa polisi kuandaliwa mapema. Hata hivyo gari la zimamoto lililoko mjini Kigoma haliwezi kutegemewa kuwahi bweni ambalo magodoro yake ya sponji yanaweza kulijaza moshi wa sumu katika dakika chache. Katika mazingira hayo uokoaji wa kweli ni ule unaofanywa na waliopo, kwa mafunzo waliyokwisha kuyapata, na zoezi la moto ndilo jeshi la zimamoto la mahali hapo kwa dakika zile zinazoamua nani ataishi.

Kagunga pia inaujua ugumu wa kuhesabu watu walio katika taharuki. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walifurika kijijini hapo, kipindupindu kikazuka, na watu wakawa wanasafirishwa hadi Kigoma kwa meli ya MV Liemba iliyobeba takriban watu 600 kwa safari, kisha wakapelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Watoto waliotengana na wazazi wao walikuwamo. Mtu aliyeshuhudia siku zile hahitaji kuelezwa tofauti kati ya mtoto ambaye jina lake, jina la mzazi wake na kijiji alikotoka vimeandikwa, na mtoto aliyepita katika umati akiwa namba tu.

Kazi ya kuhesabu huanza kabla ya kengele, kwa kujua nani yuko ndani. Kwa mchana shule nyingi za Tanzania tayari zina chombo cha kutosha, nacho ni ubao wa mahudhurio unaotundikwa karibu na ofisi ya mwalimu mkuu, wenye safu za waliosajiliwa, waliopo na wasiokuwepo, wavulana kwa wasichana, darasa kwa darasa. Ubao huo ukiandikwa saa mbili asubuhi kwa ukweli, bila kunakili namba za jana, hutoa jumla ambayo hesabu ya uwanjani italinganishwa nayo. Udhaifu wake ni kwamba hauonyeshi mabadiliko ya baadaye: mtoto aliyeomba ruhusa ya kwenda zahanati, watatu waliotumwa kuchota maji, mmoja aliyerudishwa nyumbani kufuata sare. Kwa sababu hiyo daftari la ruhusa, ambamo huandikwa jina, saa ya kutoka, sababu na saa ya kurudi, halipaswi kufungiwa kabatini bali liwekwe pamoja na rejista za madarasa katika mfuko mmoja wa kitambaa kizito unaotundikwa nyuma ya mlango wa ofisi, ili mwalimu wa zamu aubebe mfuko huo anapotoka kabla ya kubeba kitu kingine chochote. Nakala ya orodha zote ihifadhiwe nje ya jengo hilo, kwa mfano nyumbani kwa mwalimu anayeishi jirani, kwa kuwa moto unaweza kuanzia ofisini kwenyewe. Wapishi, mlinzi, mafundi na wageni wamo katika hesabu hii sawa na wanafunzi, na kuwasahau ni kosa la kawaida mno.

Usiku unadai orodha ya namna nyingine, ambayo makala haya yataiita orodha ya vitanda. Kila kitanda hupewa namba iliyopakwa rangi kwenye chuma chake, na kila jioni matroni au patroni, yaani mlezi wa bweni, hupita baada ya kipindi cha kujisomea akiwa na daftari na kuweka alama mbele ya jina la kila aliyelala, akitazama uso na si blanketi. Aliyehamia kitanda cha rafiki yake huandikwa hapo alipo usiku huo, na mgonjwa aliyelazwa chumba cha huduma ya kwanza huandikwa huko. Kazi hii huchukua muda mfupi kwa bweni la watoto 60, na thamani yake huonekana siku ambapo mtu anayeingia kwenye moshi anaweza kuambiwa kwamba aliyekosekana ni fulani, kitanda namba 23, cha chini, upande wa ziwani, badala ya kuambiwa kwamba huenda kuna mtu.

Kuhesabu umati wa watoto 200 kwa pamoja gizani hakuwezekani, na kila anayejaribu hupata jumla tofauti na ya mwenzake. Njia iliyo bora ni kuwagawa wanafunzi wa bweni katika makundi ya kumi kumi kwa mpangilio wa vitanda, kila kundi likiwa na kiranja na msaidizi wake, kwa mantiki ileile ya balozi wa nyumba kumi anayejua nani amelala katika kila nyumba. Kiranja hujifunza majina tisa tu, hupanga wenzake mstari mmoja, huwagusa begani mmoja baada ya mwingine akiwaita kwa jina, kisha humwendea mlezi na kutamka maneno mawili yaliyokwisha kufanyiwa mazoezi: “kumi kamili”, au “pungufu”, akifuatisha jina. Desturi ya kuita namba kwa sauti kama inavyofanywa kwenye gwaride inafaa kama hatua ya haraka ya kuhakiki, lakini haitoshi peke yake, kwa sababu jumla inaweza kutimia huku mwanafunzi wa kutwa au mtoto wa jirani akiwa amesimama katika nafasi ya aliyebaki ndani. Namba husema wangapi wamepungua, na mwokoaji anahitaji kujua ni nani.

Mahali pa kukusanyikia, yaani eneo lililochaguliwa mapema ambako kila mtu huenda moja kwa moja, panahitaji kufikiriwa kwa kuzingatia pwani ya ziwa. Wazo la kwanza la wengi ni ufukweni, kwa kuwa pako wazi na pana maji, lakini kwa usiku uamuzi huo una kasoro mbili. Kwa kawaida upepo wa mchana katika Ziwa Tanganyika huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na wa usiku hushuka kutoka milimani kuelekea ziwani, hivyo moshi wa bweni linaloungua usiku huwa unasukumwa kule kule ambako watoto wamepelekwa. Tena, watoto waliotaharuki gizani kando ya maji ya kina, miongoni mwa mitumbwi, kamba za nyavu na madumu ya petroli ya injini, wametolewa katika hatari moja na kuingizwa katika nyingine. Uwanja wa mpira ulio ubavuni mwa shule, mbali na majengo kiasi cha mita 50 au zaidi, unafaa kuliko ufukwe, na ni busara kuchagua pa pili upande ulio kinyume, ambapo mwalimu wa zamu anaweza kupatangaza upepo unapogeuka. Kila kumi ipewe alama yake hapo, hata kama ni jiwe lililopakwa chokaa, ili watoto wasimame palepale kila zoezi.

Kuhusu ishara, rimu ya gari inayogongwa kwa kipande cha chuma ni kengele nzuri kwa sababu haihitaji umeme, lakini mlio wake wa hatari uwe tofauti kabisa na ule wa kubadilisha vipindi: kugongwa mfululizo bila kukoma, pamoja na filimbi. Usiku mlio pekee hautoshi. Tafiti za usingizi zilizofanywa Australia zimeonyesha kwamba watoto wengi huendelea kulala wakati king'ora kinalia, na harufu ya moshi haiaminiki kuwaamsha. Suluhisho linalopatikana bila gharama ni kufanya kila kitanda cha dabodeka kuwa jozi yenye wajibu: wa juu akiamka humtikisa wa chini, wa chini akiamka humtikisa wa juu, na hakuna anayegusa sakafu kwenda mlangoni kabla mwenzake hajafumbua macho na kujibu.

Moshi huua zaidi kuliko ndimi za moto, kwa sababu una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoizuia damu kubeba oksijeni, na kitambaa kilichoroweshwa hakiichuji. Hewa inayofaa kupumuliwa hubaki chini karibu na sakafu kwa muda mfupi. Walimu wanaweza kufundisha jambo hili kwa kutandaza shuka mbili au tatu zilizoshikwa na wanafunzi kwa usawa wa kiuno kuanzia katikati ya bweni hadi mlangoni, kisha wengine wakatambaa chini yake bila kuzigusa, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Mtoto aliyefanya hivyo mara tatu akiwa amefumba macho huujua mlango kwa mkono wake. Masanduku ya bati yaliyosukumwa kwenye njia kati ya vitanda hugunduliwa siku hiyohiyo, na huondolewa.

Zoezi lolote huwa bure pale mlango unapofungwa kwa kufuli nje. Hoja ya wanaofunga ni nzito na haifai kudharauliwa: wakuu wa shule huhofia wavamizi katika mabweni ya wasichana, wizi, na wanafunzi watoro. Hata hivyo hofu hizo zina dawa nyingine, zikiwemo mlinzi anayekesha nje, taa ya sola mlangoni, uzio, na komeo linalofunguka kutoka ndani bila ufunguo, ilhali mlango uliofungwa nje wakati wa moto hauna dawa. Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na serikali ya Kenya mwaka 2008 ulitaka bweni liwe na mlango kila mwisho na mlango wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje na isifungwe kamwe wanafunzi wakiwa ndani, madirisha yasiwe na nondo, na nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Shule ya Kagunga isiyo na fedha za kujenga upya inaweza kuanza na fundi mmoja anayekata nondo za dirisha moja kila upande na kugeuza bawaba za mlango, kazi ambayo kamati ya shule inaweza kuigharimia ndani ya muhula mmoja.

Baada ya hesabu, swali gumu ni lile la jina lisiloitikiwa. Utaratibu uwe umekubaliwa mapema na kutamkwa katika kila zoezi, kwa kuwa ndipo huruma isiyo na mpango huongeza vifo. Hakuna mwanafunzi anayerudi ndani, hata kama aliyekosekana ni ndugu yake. Viranja hukaa na kumi zao wakiwa wameshikana mikono ili asiyeonekana awe ndiye asiyekuwepo kweli. Mlezi huuliza kundi husika maswali mawili tu, kwamba alionekana mara ya mwisho wapi na saa ngapi, huku mtu mzima mmoja akikagua vyoo, bafu, jiko na nyuma ya majengo, kwa sababu mara nyingi aliyekosekana yuko chooni na hana habari. Endapo bado hapatikani, jina na namba ya kitanda hukabidhiwa kwa mtu mmoja tu anayeongoza uokoaji, na ni yeye anayeamua kama hali inaruhusu mtu mzima kufikia dirisha lile kutoka nje.

Majirani watakuja, na kwa Kagunga watakuja wengi na kwa haraka, wakiwemo wavuvi wenye tochi na ndoo. Ukarimu huo ni hazina ikiwa umepangwa. Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wapewe nafasi katika zoezi angalau mara moja kwa mwaka, ili jamii ijue kwamba mtoto anayekutwa akikimbia njiani anarudishwa mahali pa kukusanyikia, au kama amejeruhiwa anapelekwa zahanati na jina lake kuletwa shuleni mara moja, na kwamba hafichwi ndani ya nyumba kwa nia njema hadi asubuhi. Kwa wazazi iwekwe meza moja, au hata mkeka na taa, penye daftari la makabidhiano: jina la mtoto, jina la anayemchukua, uhusiano wao, saa, na sahihi au dole gumba. Mzazi anayetetemeka kwa hofu atakasirika kuambiwa asubiri aandikishwe, na mwalimu atakayepangwa mezani hapo awe mtu mzima mwenye upole na msimamo, anayefahamika kijijini na anayeweza kusema Kiha na Kirundi.

Watoto wa awali na wa darasa la kwanza, ambao kwa baadhi yao Kiswahili bado si lugha ya nyumbani, hufundishwa kwa vitendo na amri fupi mbili tu, “simama” na “shika”, ya pili ikiwa na maana ya kushika bega la aliye mbele. Wenye ulemavu wapewe wasaidizi wawili kila mmoja, wa mchana na wa bwenini, kwani moto wa Oktoba 2022 katika Shule ya Wasioona ya Salama, wilayani Mukono nchini Uganda, ulioua watu 11, ulionyesha jinsi ulivyo mkubwa ulazima wa kuwapangia mapema. Na kwa kuwa katika mwambao huu wapo watoto wa familia zilizokimbia vita, zoezi la kwanza la kila muhula litangazwe mapema kwa maneno ya kutuliza, bila moshi wa kweli wala vilio vya kuigiza.

Ratiba inayofaa kwa shule ya bweni ni zoezi la mchana na la usiku katika wiki mbili za kwanza baada ya kufungua Januari na Julai, kisha mengine yasiyotangazwa katikati ya muhula. Mazoezi yanayofanana kila mara huzoeza watu njia moja, na hilo ni hatari: mwaka 1958 katika shule ya Our Lady of the Angels mjini Chicago, wanafunzi 92 na watawa 3 walikufa baada ya moshi na joto kuziba korido ambayo madarasa ya ghorofani yaliitegemea kutokea. Kwa hiyo katika zoezi la pili mwalimu asimame kwenye mlango uliozoeleka akiwa na kitambaa chekundu, kuashiria kwamba hapo pameziba, na ionekane wanafunzi watafanya nini. Katika zoezi la tatu mwanafunzi mmoja afichwe kwa siri nyumbani kwa mwalimu, akiwa salama na mtu mzima, ili ijulikane hesabu itachukua muda gani kumgundua. Iwapo viranja wote watasema “kumi kamili” wakati mmoja hayupo, shule imejifunza jambo ambalo hotuba kumi zisingefundisha, na kiranja aliyekosea aelekezwe badala ya kuadhibiwa, maana anayeogopa fimbo atasema “kamili” hata usiku wa moto wa kweli.

Mwisho wa kila zoezi mwalimu wa zamu hupima nyakati mbili kwa saa ya simu yake: muda kutoka kengele hadi mtu wa mwisho alipovuka mlango, na muda kutoka kengele hadi jina la mwisho lilipoitikiwa. Huo wa pili ndio unaoandikwa juu ya ukurasa wa daftari la mazoezi, pamoja na tarehe, idadi iliyotarajiwa, idadi iliyopatikana, majina yaliyochelewa na sababu zake, kasoro zilizoonekana na jina la mtu atakayezirekebisha kabla ya tarehe fulani. Nakala moja hupelekwa kwa afisa elimu kata, nyingine kwa kamati au bodi ya shule, na kikao kijacho cha wazazi hufunguliwa kwa kusomewa ukurasa huo, ili mzazi mwenye mtoto bwenini aweze kuuliza kwa nini bawaba za mlango wa upande wa mlima bado hazijageuzwa.